Gitaa Linalochoma: Nilivyochagua Pikapu Mpya Hapa Kisumu

Gitaa likiwa kali kupita kiasi, wa kwanza kulalamika huwa ni mwimbaji. Mpigaji amelizoea, tena anasimama karibu na ampu yake, yaani kikuza sauti chake, sauti inampiga magotini na kupita. Mwimbaji ndiye anayesikia maneno yake yakikatwakatwa, kwa sababu ukali wa gitaa na zile "s" na "sh" za maneno vinagombania sehemu ileile ya sauti. Bendi yetu hupiga rumba na benga kwenye hoteli za mjini wikendi, na siku nyingine tunaitwa harusini na matangani huko Seme, Nyakach na Ahero. Mwenye bendi, ambaye pia ndiye mwimbaji, sote tunamwita Jaduong'. Si mtu wa kupaza sauti. Tulipomaliza kupiga usiku mmoja Kondele aliniita kando akasema, "Omera, hilo gitaa lako linachoma. Lipoze kidogo. Lakini usilizime."

Hapo kwenye kutolizima ndipo penye kazi. Anayepiga jazi polepole kwenye mkahawa anaweza kuzungusha nobu ya toni hadi mwisho na akasifiwa. Benga haitaki hivyo. Tangu enzi za D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, gitaa la solo limekuwa jembamba, safi, kila mguso unahesabika. Ni mtindo uliochukua mengi kutoka kwa nyatiti, ile ala ya nyuzi nane, na nyatiti haina sauti ya kubembeleza usingizi. Mwimbaji akinyamaza, solo linapanda na kuchukua uwanja huku besi ikisukuma kutoka chini. Ukilifanya gitaa kuwa nene mno, watu wanarudi vitini.

Gitaa lenyewe ni la umbo la Telecaster, la mkono wa pili, la kampuni isiyojulikana sana. Wanaolijua umbo hilo hawatashangaa kwamba lilikuwa kali. Kampuni ya Fender walilitoa mwaka 1950 kwa jina la Broadcaster, wakalibatiza Telecaster mwaka 1951, na tangu hapo pikapu yake ya nyuma (pikapu ni kile kifaa cha chini ya nyuzi kinachonasa mlio wake), ile iliyoinamishwa ndani ya bamba la chuma la daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, imejulikana kwa kukata. Sababu iko kwenye uzi wenyewe. Karibu na daraja uzi hauna nafasi ya kuyumba sana, kwa hiyo mlio wake mkuu unasikika kidogo na zile sauti ndogondogo za juu zinajitokeza. Karibu na shingo uzi unayumba kwa upana, ndiyo maana pikapu ya mbele husikika nene hata kama zote mbili zimetengenezwa kwa waya uleule.

Vijana wengi wakifika hapa wanafungua simu na kuanza kutafuta pikapu za kuagiza. Mimi sikuwa na pesa ya kubahatisha. Pikapu moja ya maana kutoka ng'ambo, ukijumlisha usafiri na ushuru, inaweza kula malipo ya wikendi kadhaa. Kwa hiyo nilitaka kwanza kujua ukali unatoka wapi, na nikalipeleka gitaa kwa fundi wa redio upande wa Kibuye, mzee ambaye hajawahi kupiga hata nota moja ya gitaa lakini anaijua koili kwa sababu amekuwa akifungua transfoma na spika tangu kabla sijazaliwa.

Kwa asiyejua, pikapu ni kitu rahisi mno. Kuna sumaku, na kuizunguka kuna waya wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, ndiyo koili. Waya ule, unaoitwa namba 42, una unene wa kama milimita 0.063, unakatika ukiutazama vibaya. Sumaku inaufanya uzi wa chuma ulio juu yake uwe na usumaku kidogo. Uzi ukitikisika, umeme mdogo unazaliwa kwenye koili. Ni jambo lilelile alilolionyesha mwanasayansi Faraday mwaka 1831, na ndilo linaloendesha jenereta na dainamo ya baiskeli.

Kile ambacho watu hawaambiwi wanapouziwa pikapu ni kwamba koili haifanyi kazi peke yake. Koili, pamoja na kebo inayotoka kwenye gitaa hadi kwenye ampu, zina mlio mmoja zinaoupenda kuliko mingine, kama bembea ambayo ukiisukuma kwa wakati wake inapaa, na ukiisukuma nje ya wakati wake inakataa. Hapo kwenye mlio unaopendwa sauti inapanda na kufanya kilele, kisha juu yake inaporomoka. Kilele hicho ndicho tabia ya pikapu. Kikiwa juu na chembamba, gitaa linachoma. Kikiwa chini na kipana, gitaa linatulia. Sikio la binadamu nalo limeumbwa kusikia vizuri zaidi kati ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) 2,000 na 5,000 hivi, na vilele vya pikapu nyingi, zikishaunganishwa na kebo, vinaangukia humohumo. Haishangazi basi kwamba Jaduong' alisema linachoma.

Fundi alifungua bamba la nobu akageuza gitaa kwenye mwanga. Nyuma ya poti zote mbili, vile vipinga-umeme vinavyozungushwa na nobu, ya sauti na ya toni, kulikuwa kumepigwa muhuri 500K, yaani upinzani wa kiloomu 500. Mimi nilikuwa nimeleta mita nipime, akanicheka kidogo. "Kijana, ukipima poti ya sauti ikiwa bado imefungwa kwenye pikapu, unapima pikapu. Umeme utapita njia rahisi." Ni kweli: mita ingeonyesha kiloomu 7 hivi, ambayo ni koili, na poti isingeonekana kabisa. Ni lazima utoe lehemu ya mguu mmoja wa poti kwanza, au usome muhuri kama upo.

Kwenye magitaa yenye pikapu za koili moja kama langu, kawaida ni poti za kiloomu 250. Zile za 500 ni za pikapu za koili mbili, ambazo kwa asili zina sauti nene na zinahitaji kuachiwa ukali kidogo. Poti hata ikiwa imefunguliwa hadi mwisho bado inanyonya sehemu ya sauti na kuipeleka ardhini, na inanyonya zaidi pale kwenye kilele. Poti mbili za 250 zikiwa sambamba, pikapu inaona mzigo wa kiloomu 125. Mbili za 500, inaona 250. Mzigo ukiwa mwepesi, kilele kinasimama. Aliyelimiliki gitaa kabla yangu, au kiwanda chenyewe, aliweka poti za 500 na kuliachia lipige kelele.

Hapa fundi alinifundisha jambo ambalo nimelitumia kwa magitaa mengine mengi tangu hapo. Alichukua rezista ya kiloomu 470 kutoka kwenye kopo lake, akailehemu kutoka mguu wa poti unaoingia pikapu hadi mguu wa ardhi. Rezista ya 470 sambamba na poti ya 500 inatoa kama kiloomu 242. Yaani kwa shilingi chache, bila kununua poti mpya, nobu ya sauti ikawa inafanya kazi kama ya 250. Nikapiga palepale kwenye redio yake. Ukali haukuisha, ila ile sindano ya mbele iliondoka. Baadaye niliagiza poti za 250 kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, zikaja na basi la usiku, kwa sababu za Kibuye zilikuwa zenye herufi B. Herufi B inamaanisha mpando ulio sawa kwa sawa. Kwa nobu ya sauti napenda herufi A, inayopanda jinsi sikio linavyosikia. Lakini kama hujui utakachobaki nacho, rezista inatosha kujaribia.

Jambo la pili lilikuwa kebo, na hili hupuuzwa kwa sababu si kitu cha kujivunia. Kebo ya kawaida ya gitaa huhifadhi umeme kidogo, kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Chukua pikapu ya henri 2.5 (henri hupima jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya umeme) na kebo fupi, jumla iwe pikofaradi 500 pamoja na koili yenyewe: kilele kinasimama karibu hezi 4,500. Ongeza kebo ya mita tatu, jumla ifike 800, kilele kinashuka hadi karibu hezi 3,560. Hujabadilisha kitu ndani ya gitaa. Nilikuwa natumia kebo fupi kwa sababu jukwaa za hoteli ni ndogo; nikarudi kwenye ile ndefu ya zamani. Rafiki yangu wa bendi nyingine alinunua kifaa kisichotumia waya akashangaa gitaa lake limekuwa kali ghafla. Waya ulikuwa ukimsaidia bila yeye kujua.

Halafu kuna miksa, mashine ya kuchanganya sauti za bendi. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu naamini nusu ya malalamiko ya gitaa kali katika miji yetu yanatoka hapa. Hoteli nyingi hazina ampu ya gitaa. Unafika, unapewa waya, gitaa linaingia kwenye miksa moja kwa moja, na sauti inatokea kwenye spika kubwa zenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Spika ya gitaa ya inchi 12, ile iliyo ndani ya ampu ya kawaida, huporomoka ikipita hezi 5,000 hivi. Hiyo ndiyo sababu gitaa la umeme linasikika kama gitaa. Twita ya hoteli haijui hilo. Inatoa kila kitu hadi kule ambako panasikika mkwaruzo wa kucha kwenye uzi.

Ajabu ni kwamba ukichomeka gitaa tupu kwenye tundu la kawaida la miksa, sauti huwa butu na dhaifu, kwa sababu tundu hilo lina mzigo wa kiloomu 10 au zaidi kidogo, na pikapu inakabwa. Mpigaji anaona sauti imekufa, anaweka kikanyagio katikati, na kikanyagio kinaondoa mzigo ule. Ukali wote unarudi, sasa unakwenda moja kwa moja kwenye twita. Hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu, nikiwa na kikanyagio changu cha mwangwi. Hakuna pikapu duniani itakayotibu twita. Nilianza kubeba ampu ndogo yenye spika ya inchi 12, tunaweka maikrofoni mbele yake, na pale ambapo haiwezekani namwomba mtu wa miksa ashushe sauti za juu za mkondo wangu. Wengine wanakubali, wengine wanakuangalia kama umewaomba nauli.

Niliposhusha pia pikapu ya nyuma kidogo, upande wa nyuzi nyembamba zaidi kuliko upande wa nene, kazi ikawa imefika mbali. Nazibana nyuzi kwenye freti ya mwisho, kile kijiti cha chuma shingoni, napima kutoka uzi hadi sumaku, naanzia milimita 2 na nusu hivi, nashuka huku nikisikiliza. Hii ni bisibisi tu. Haina gharama.

Unaweza kuuliza, kwa nini nisizungushe tu nobu ya toni? Nilifanya hivyo, na ndilo la kwanza kufanywa na kila mtu. Toni ikishuka kidogo inalaza kilele, vizuri. Ikishuka sana, kapasita, kile kifaa cha nobu ya toni kinachopeleka sauti za juu ardhini, inashika usukani na kilele kipya kinatokea chini kabisa, karibu hezi 680 kwa kapasita ya mikrofaradi 0.022 na pikapu ile ya henri 2.5. Hapo umepata blanketi. Kwa rumba ya taratibu inakubalika. Kwa benga umelizima, na tulishakatazwa.

Baada ya hayo yote gitaa lilikuwa limetulia, na kama ningekuwa napiga ridhimu peke yake ningeacha hapo. Lakini solo la nyuma lilibaki jembamba. Ukali ukishaondoka ndipo unasikia kilichokuwa chini yake, na chini yake hapakuwa na nyama. Hii ndiyo kazi halisi ya kubadilisha pikapu: kuongeza kilichokosekana katikati. Kupunguza cha juu kuna njia nyingi za bei nafuu.

Wauzaji wanapenda kutaja kiloomu. Kiloomu 7, kiloomu 10, kiloomu 15, kana kwamba ni nguvu za injini. Namba hiyo ni upinzani wa waya tu, na inaongopa kwa njia mbili. Kwanza, waya mwembamba zaidi, namba 43, una upinzani mkubwa kwa urefu uleule. Pikapu mbili zenye kiloomu sawa zinaweza kuwa na mizunguko tofauti kabisa. Pili, shaba ikipata joto upinzani wake hupanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Pikapu iliyopimwa kiloomu 7 kwenye chumba cha nyuzi 20 ng'ambo itasoma karibu 7.3 mchana wa Kisumu. Nimeshaona watu wakibishana kwamba wameletewa bidhaa tofauti, kumbe wameletewa jua. Unachotaka kuuliza ni henri, waya namba ngapi, na sumaku gani. Muuzaji asiyeweza kujibu hata moja kati ya hayo, mimi namshukuru naondoka.

Henri ndiyo inayoamua kilele. Mizunguko ikiongezeka, henri zinapanda, kilele kinashuka, na katikati panajaa. Pikapu ya henri 4 na pikofaradi 500 inafika karibu hezi 3,560, palepale ambapo kebo ndefu ilikuwa imenifikisha, ila sasa na sauti kubwa zaidi kutoka kwenye koili yenyewe. Ukiongeza kebo ndefu juu ya hiyo unashuka tena chini ya 3,000, na hapo kwa Telecaster mimi naona umeanza kupoteza gitaa.

Sumaku ni suala la mguso. Nyingi za maana ni za alniko, mchanganyiko wa chuma na alumini, nikeli na kobalti, na hupewa namba. Alniko 5 ina nguvu zaidi, inapiga haraka, besi yake ni ngumu. Alniko 2 na 3 ni dhaifu, na mpigo wa kwanza wa uzi unakuja ukiwa umekatwa makali. Fender wenyewe walitumia alniko 3 kwenye pikapu za Telecaster za miaka ya mwanzo ya 1950. Zipo pia za seramiki, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa nguvu nyingi, kwa wanaopiga roki ya kukwaruza. Nilijaribu moja ya kijana wa Manyatta, ya kiloomu 15, kwenye gitaa lake. Ilikuwa nene kweli, na ampu ilianza kukwaruza kabla sijapandisha sauti. Kwa mitindo yetu, ambapo nota mbili zikipigwa pamoja lazima zisikike mbili, hiyo haifai, hata ukipewa bure.

Kulikuwa na njia ya koili mbili. Seth Lover wa kampuni ya Gibson ndiye aliyebuni ile iliyoenea zaidi, ombi la hataza likawasilishwa mwaka 1955 na kutolewa 1959. Koili mbili zinageuziana waya na sumaku; mvumo wa umeme unaingia kwa zote mbili na kujifuta, mlio wa uzi unaongezeka. Na kwa kuwa zinasikiliza uzi sehemu mbili kwa wakati mmoja, baadhi ya sauti za juu zinafutana pia, ndiyo maana zinasikika tulivu. Mvumo si jambo dogo hapa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na baa zenye taa za rangi na friji za soda nyuma ya jukwaa zinaimba kupitia koili moja kama kwaya. Lakini koili mbili za ukubwa kamili haziingii kwenye daraja la Telecaster bila kukata bamba na kuchimba mbao. Fundi seremala niliyemuuliza alisema anaweza. Yule mzee wa Kibuye akasema, "Mbao ikishakatwa haikui tena," nami nikaona afadhali mvumo.

Zipo za koili mbili zilizobanwa kwenye umbo la koili moja, na zipo za aina ya P-90, pikapu nene ya koili moja ambayo Gibson walianza kuitumia mwaka 1946, zilizopunguzwa ziingie kwenye Telecaster. Niliikaribia sana ile ya P-90. Mwishowe nilichagua pikapu ya koili moja ya kawaida: alniko 2, waya namba 42, kiloomu 8 hivi, henri karibu 4, kutoka kwa mtengenezaji mdogo wa ng'ambo aliyejibu maswali yangu yote matatu bila kuuliza napiga muziki gani. Pikapu ya mbele sikuigusa. Haikuwa na kosa lolote, na kununua jozi kwa sababu tu huuzwa jozi ni kumnufaisha muuzaji.

Ukibadilisha moja tu, kuna jambo la kuangalia kabla ya kulehemu. Pikapu mbili zikisikilizwa pamoja lazima zisukume upande mmoja. Zikipingana, swichi ikiwa katikati sauti inakuwa nyembamba, ya puani, kama redio ya mkononi iliyoishiwa betri, na mtu anaweza kulaumu pikapu mpya bure. Fundi alitumia mita yake ya zamani yenye mshale. Aliunganisha waya za pikapu, akagusisha bisibisi kwenye sumaku, kisha akaivuta ghafla. Mshale ukaruka kulia. Akafanya vivyo hivyo kwa ya mbele: kulia pia. Zinaelewana. Kama zingepingana, kwenye Telecaster huwezi kugeuza nyaya hivihivi, kwa sababu kifuniko cha chuma cha pikapu ya mbele na bamba la chini la ile ya nyuma vimeunganishwa na waya wa ardhi. Ukigeuza bila kutenganisha kiungo hicho, kifuniko chenyewe kinakuwa na sauti, na kila ukikigusa kinavuma.

Kulehemu kulichukua muda mfupi kuliko kuondoa skrubu zenye kutu. Sisi tunaoishi karibu na ziwa tunajua skrubu.

Nyumbani Nyalenda, kwenye ampu ndogo, nilifurahi mno. Solo lilikuwa na nyama, uzi wa kwanza haukuwa tena waya wa kengele. Mazoezini na bendi nzima mambo yalibadilika: besi, ngoma na kinanda vilipoingia, gitaa lilirudi nyuma hatua moja. Sauti inayopendeza ukiwa peke yako mara nyingi ni ile iliyojaza nafasi za wenzako, na wenzako wakija kuchukua nafasi zao unabaki bila mahali. Nilirudi kwenye kebo fupi. Nilipandisha pikapu kidogo upande wa nyuzi nyembamba. Nikaondoa rezista na kuweka zile poti za 250 za Nairobi, nikaacha kapasita ya 0.022. Nyuzi nazo nilibadilisha: nikaacha zile za nikeli tupu nilizokuwa nimeanza kuzijaribu, nikarudi kwenye chuma kilichopakwa nikeli, namba 10 hadi 46. Hapo gitaa likasonga mbele tena, na halikuchoma.

Jaduong' alisikiliza nyimbo tatu bila kusema kitu. Ya nne akasema tupige ile ndefu, ambayo solo lake linakwenda mpaka watu watoe jasho. Mpiga besi aliniambia baadaye kwamba sasa anasikia gitaa na besi yake kwa wakati mmoja, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria kama sehemu ya tatizo.

Siku hizi naacha toni kwenye 8 nikipiga benga, swichi nyuma. Rumba ikianza naigeuza katikati, pikapu zote mbili, toni 6, sauti 7, na kama ni harusi yenye wazee wengi naigeuza mbele kabisa. Hotelini nikikuta twita bila ampu, bado namfuata mtu wa miksa kabla hata sijafungua begi la gitaa.